Utitiri walao mayai ya nzi: jinsi ya kuwatunza kwenye samadi ya kuku

Chota kiganja cha samadi ya kuku iliyokaa wiki tano au sita bila kuguswa, uimwage kwenye sahani nyeupe ya plastiki, kisha uipeleke kivulini na utulie. Mwanzoni huoni kitu. Baada ya dakika moja au mbili vijidoa vya rangi ya kahawia iliyokolea, visivyozidi mbegu ya mchicha, vinaanza kukimbia huku na huko juu ya ule weupe. Hao ni utitiri wawindaji. Kinachowaweka kwenye samadi ni mayai ya nzi, ambayo huyatoboa na kuyanyonya.

Nilifuga kuku wa mayai Kibaha kwa miaka minne kabla sijajua kwamba wapo. Miaka yote hiyo nilikuwa nawaua mwenyewe, kwa beleshi na kwa bomba la dawa, huku nikilalamika kwamba nzi hawaishi. Majirani walihamia, nyumba zikajengwa hadi ukingoni mwa banda, na kila msimu wa maembe nilikuwa naitwa kwa mjumbe kujibu habari ya nzi. Mwongozo huu nimeuandika kwa mfugaji aliye pale nilipokuwa mimi: ana kuku mia mbili, mia tano au elfu moja, wako kwenye vizimba au kichanja, na kinyesi kinadondoka chini na kurundikana.

Kama kuku wako wanatembea juu ya maranda, nafuu ipo kwako tayari. Kuku hao wanachakura na kula funza wenyewe. Nzi wako watakuwa wanatoka sehemu chache tu: kandokando ya vyombo vya maji, chini ya vichanja vya kulalia, na kwenye rundo la samadi ulilolitupa nje. Fuata hatua ya kukausha na hatua ya kutoa samadi.

Mjue kwanza unayemtunza

Mwindaji mkuu anaitwa kitaalamu *Macrocheles muscaedomesticae*, na anapatikana karibu kila pembe ya dunia penye samadi na nzi. Jike lake lina urefu wa takriban milimita 1. Kwa siku moja anaweza kumaliza hadi mayai 20 ya nzi, pamoja na funza waliototolewa punde, wale ambao bado ni laini na hawajajificha ndani. Anaishi tabaka la juu la samadi, karibu na kilele cha rundo, kwa sababu huko ndiko nzi anakotaga.

Nguvu yake iko kwenye kasi ya kuzaliana. Kwenye joto la Pwani nzi huchukua siku 7 hadi 10 kutoka yai mpaka nzi anayeruka. Utitiri huyu huchukua kama siku 3 tu. Nzi jike hutaga mayai 75 hadi 150 kwa mkupuo mmoja, tena anarudia mara kadhaa katika maisha yake, kwa hiyo wawindaji wachache hawafui dafu. Wakiachwa wakaongezeka, hesabu inageuka. Na mayai yakipungua hawafi njaa, maana hula pia minyoo midogo sana iishiyo humo humo kwenye samadi.

Hana mabawa. Samadi inapochakaa, au inapokauka kupita kiasi, jike anamkamata nzi, anajishika tumboni kwake na kubebwa. Nzi anapotua kwenye kinyesi kibichi ili atage, abiria anashuka na kuanza kula mayai ya huyo huyo aliyembeba. Siku nikikamata nzi wa bandani huwa nawageuza chali niangalie tumbo, na mara kwa mara namkuta mmoja au wawili wameng'ang'ania. Ndiyo maana sikushauri ununue utitiri popote. Wanakuja wenyewe, kwa usafiri wa adui yako. Kazi yako ni kuwapa mahali pa kukaa.

Wana wenzao. Kuna utitiri mwingine wa mviringo, bapa, mwendo wake wa kobe, anayekaa ndani zaidi kwenye rundo na kula funza wachanga. Kuna mbawakawa mweusi anayeng'aa, wa duara, milimita 2 hadi 3, *Carcinops pumilio*, ambaye anakula mayai na funza na anaingia kwenye kina ambacho utitiri hafiki. Kuna nyigu wadogo sana, wasiouma mtu, wanaotaga ndani ya bundo la nzi, yaani kile kijidude cha kahawia kama punje ya mchele ambamo funza hugeuka kuwa nzi. Samadi iliyotulia ina jeshi zima.

Haya hayakugunduliwa jana. Huko Marekani, kuanzia miaka ya 1960, Richard Axtell wa chuo kikuu cha North Carolina State aliwachunguza utitiri hawa kwa miaka mingi kwenye mabanda ya kuku na mazizi. Sababu ya watu kuwageukia wadudu wenyewe inaeleweka: dawa ya kuua wadudu ya DDT ilisifiwa kuwa mwisho wa nzi, lakini kufikia 1946 na 1947 nzi wa Sweden na Italia walikuwa wameshaizoea. Tangu hapo, aina baada ya aina ya dawa imepitia njia hiyo hiyo.

Hatua ya kwanza: tafuta nzi wanazaliwa wapi

Usianze na nzi anayeruka. Anza na funza. Chukua kijiti, zunguka banda asubuhi, na uchokonoe samadi kila hatua mbili, kina cha vidole vitatu. Weka alama ya chaki au jiwe pale unapokuta funza wengi. Utashangaa kwamba hawapo kila mahali. Mara nyingi wamejaa chini ya chuchu ya maji inayovuja, chini ya tundu la bati, kwenye kona ambayo hewa haipiti, mahali yai lilipovunjika au kuku aliyekufa aliposahauliwa, na pale chakula kilipomwagika kikalowa. Kagua pia nje: mfereji wa maji machafu, rundo la maranda yaliyotolewa, shimo la taka.

Mimi nilikuta karibu funza wote wa banda zima wako kwenye mita nne za mstari mmoja wa vizimba. Bomba lilikuwa na mpasuko mwembamba usioonekana mpaka ulipopitisha mkono.

Hatua ya pili: kausha kabla ya jambo lingine lolote

Kinyesi cha kuku kikitoka tu kina maji kama asilimia 75. Nzi wanakipenda hivyo. Kikishuka chini ya asilimia 50, nzi hupata shida kukitumia, ilhali wawindaji bado wanaishi humo vizuri. Kuku mmoja wa mayai huacha gramu 100 na ushei za kinyesi kibichi kwa siku, kwa hiyo kuku 500 wanakuletea zaidi ya kilo 50 kila siku. Kikianguka juu ya samadi kavu, kinasimama kama kichuguu chenye ncha na kukauka pande zote. Kikianguka kwenye majimaji, kinasambaa kama uji, na humo utitiri wanazama huku funza wakinenepa.

Kipimo cha mkono kinatosha. Vaa glavu, chota samadi ya juu, ukamue. Ikidondosha maji au ikipenya katikati ya vidole, imelowa mno. Ikishikana kama donge kisha ikavunjika ukiigusa, ndipo penyewe. Ikitimka vumbi, imekauka kupita kiasi, na hapo wawindaji nao wanapungua, ingawa hilo silioni mara nyingi.

Ya kufanya ni haya. Pitia mabomba na chuchu za maji kila asubuhi, na ubadilishe raba iliyochakaa siku hiyo hiyo. Weka ubao au kipande cha bati chini ya chombo kinachomwagika. Inua sakafu ya banda juu ya ardhi ya nje, chimba mfereji wa kuzunguka, na urefushe paa ili mvua ya masika isipige ndani. Fyeka majani na vichaka vinavyoziba upepo kwenye upande wa samadi. Kama kinyesi kimekuwa chepesi kwa kuku wengi kwa pamoja, mwite daktari wa mifugo na uangalie chumvi kwenye chakula. Chumvi ikizidi kuku hunywa sana, na hapo hakuna mwindaji atakayekusaidia.

Pale penye funza wengi na maji mengi, usisubiri. Toa hicho kipande kibichi peke yake, rekebisha uvujaji, kisha jaza maranda makavu au maganda ya mpunga mahali pake na umwagie juu ndoo moja ya samadi kavu yenye wawindaji kutoka upande mwingine wa banda hilo hilo.

Hatua ya tatu: hakikisha wawindaji wapo, na usiwachanganye na wadudu wabaya

Hapa wafugaji wengi hukosea, kwa sababu neno utitiri kwetu linabeba wadudu wa tabia tofauti kabisa. Ukimwambia mfugaji kwamba utitiri ni rafiki, anakuona umechanganyikiwa, maana anaowajua yeye wamemnyonya kuku wake damu mpaka wakaacha kutaga.

Watofautishe kwa makazi. Utitiri mwekundu anyonyaye damu anajificha mchana kwenye nyufa za mbao, kwenye maungio ya vichanja vya kulalia na kwenye viota, na usiku anapanda kuku. Ukimbana kwa kucha anaacha doa la damu. Mwindaji haishi kwenye mbao wala hapandi kuku. Yuko kwenye samadi, anakimbia kwa kasi, na ukimbana hakuna damu nyekundu. Papasi ni mkubwa zaidi, ngozi yake ya kijivu imekunjamana, naye pia anaishi nyufani. Kwa hiyo ukitibu nyufa na vichanja kwa sababu ya utitiri wa damu, tibu hapo hapo tu, kwa brashi ikiwezekana, na usiiache dawa ichuruzike chini.

Mbawakawa nao wachunguze. Yule wa milimita 2 au 3, wa duara na mng'ao, ni wa kwako. Yule mrefu zaidi, kama milimita 6, mwenye umbo la punje ya mtama iliyovutwa, ambaye buu lake linachimba mbao na nguzo, si rafiki. Anabeba magonjwa kutoka kundi moja la kuku hadi jingine.

Sasa namna ya kukagua. Chukua samadi sehemu sita au nane tofauti, kiganja kimoja kimoja, kutoka sentimita 5 za juu pembeni mwa kilele. Usichukue kinyesi cha leo, wala usichimbe mpaka chini kabisa. Changanya kwenye ndoo, mimina kidogo kwenye sahani nyeupe, tawanya, subiri dakika 3. Kamera ya simu ikikuzwa hadi mwisho inatosha kuwaona, na lenzi ya kukuzia ya bei rahisi ni bora zaidi.

Ukitaka uhakika zaidi, tengeneza mtego wa chupa. Kata chupa ya maji ya lita 5 katikati. Geuza nusu ya juu iwe faneli, weka kipande cha wavu wa dirishani ndani yake, na juu ya wavu weka samadi unene wa vidole vitatu. Simamisha faneli juu ya gilasi yenye spiriti kidogo. Ning'iniza balbu ya kizamani, ile inayotoa joto, ya wati 25 au 40, kwa urefu wa kiganja kimoja juu ya samadi. Iache siku moja na usiku wake mahali pasipo na upepo wala kitu cha kushika moto, na usiiache bila mtu nyumbani, kwa kuwa spiriti na balbu havitaki uzembe. Joto na mwanga huwafukuza wadudu kushuka chini, wanaangukia kwenye spiriti, na asubuhi unawahesabu.

Sina idadi moja ya kukupa kwamba ukifikia hapo umefaulu. Ninachoangalia ni uwiano: kila sahani ikinionyesha utitiri wengi wanaokimbia na funza wachache, naiacha samadi ipumzike. Nikiona funza wengi na utitiri wawili watatu, najua kuna kitu kimewaua, na karibu kila mara ni maji, dawa au beleshi.

Hatua ya nne: toa samadi kwa awamu

Hii ndiyo hatua ngumu kuliko zote kwa mfugaji msafi, na mimi nilijihesabu msafi. Kila baada ya wiki tatu nilikodi vijana wawili, tukafagia banda lote mpaka sakafu ikawa nyeupe. Siku nne za kwanza nzi walipungua. Wiki ya pili walirudi zaidi ya mwanzo. Sikuelewa kwamba tunapofagia tunatoa jeshi lote, kisha kinyesi kibichi kinaanguka juu ya sakafu tupu, hakina kilele, hakikauki, na hakina hata mwindaji mmoja. Nzi wanarudi siku hiyo hiyo kwa mabawa. Wawindaji, pamoja na kasi yao ya kuzaliana, wanaanza na wale wachache waliobebwa, na huhitaji wiki kadhaa kurudi kwenye wingi wa kuzuia chochote.

Kwa hiyo chagua moja kati ya njia mbili na usichanganye.

Njia ya kwanza ni kutoa samadi yote mara kwa mara kuliko nzi anavyoweza kukua: angalau mara mbili kwa wiki, bila kuruka hata wiki moja, na kuipeleka mbali au kuianika nyembamba juani siku hiyo hiyo. Hapa hutegemei wawindaji kabisa. Inawafaa wenye kuku wachache, au wenye mkokoteni na mteja wa samadi wa kila siku.

Njia ya pili ni kuiacha ikae kwa miezi, ikiwa kavu, na kuitoa kwa sehemu. Hii ndiyo ya wawindaji.

Kutoa kila baada ya wiki mbili au tatu ndiyo mbaya kuliko zote. Ni muda wa kutosha nzi kukamilisha kizazi na zaidi, lakini si wa kutosha wawindaji kujijenga. Wengi wetu tuko hapo.

Ukichagua ya pili, fanya hivi. Toa mstari mmoja, ruka mmoja. Subiri wiki tatu hadi nne, ndipo utoe ile uliyoruka. Kwenye mstari unaoutoa usifike sakafuni: acha tabaka la chini la samadi kuukuu na kavu, unene wa sentimita 10 hadi 15. Tabaka hilo linafanya kazi mbili, linabeba wawindaji na linanyonya maji ya kinyesi kipya. Kama banda lina mstari mmoja tu, toa nusu ya urefu wake, kisha nusu nyingine mwezi unaofuata.

Chagua majira. Kwa Pwani na Dar es Salaam sigusi samadi wakati wa masika, Machi hadi Mei, kwa sababu kinyesi kipya hakikauki, wala Novemba na Desemba maembe yanapoiva na nzi wako kila mahali. Natoa Julai hadi Septemba, kuna upepo, kuna ukavu na nzi ni wachache. Mfugaji wa Kiambu, Kenya, asinakili kalenda yangu. Kwake Julai ni baridi na manyunyu, na Januari na Februari ndiyo miezi yake mikavu.

Samadi iliyotoka isiachwe nje wazi, maana hapo umehamisha kiwanda cha nzi kutoka ndani kwenda uani. Rundike kwa urefu wa kiuno au zaidi, ichanganye na maranda au majani makavu, ifunike turubai na ukandamize kingo kwa mawe. Ndani itapata joto linaloua mayai na funza. Baada ya wiki moja igeuze, ya nje iingie ndani, kisha funika tena.

Hatua ya tano: banda jipya

Banda jipya halina samadi kuukuu, na nzi wa wiki za mwanzo ni wengi hata kwa mfugaji hodari. Usikate tamaa katika wiki ya nne. Kabla kuku hawajaingia, tandaza chini ya vizimba maranda makavu au maganda ya mpunga, unene wa sentimita 10 hadi 15. Kinyesi kitaanza kusimama badala ya kusambaa.

Kama una banda la zamani lenye kuku wazima, chukua ndoo kadhaa za samadi yake kavu yenye utitiri na uzimwage kila mita mbili kwenye banda jipya wiki ya kwanza na tena wiki ya tatu. Lakini usichukue samadi ya shamba la mtu mwingine, hata awe ndugu yako. Kideri, Gumboro na homa ya matumbo ya kuku husafiri na kinyesi, kwenye ndoo na kwenye viatu. Kama huna banda la zamani, ngoja utitiri waletwe na nzi. Watakuja.

Wakati unangoja, tumia mitego. Karatasi za gundi zining'inizwe ndani. Mitego ya chupa yenye chambo cha kunuka, kama matumbo ya samaki, iwekwe nje na mbali na banda, maana inavuta nzi wengi kuliko inaowakamata ikiwa mlangoni.

Hatua ya sita: dawa, na mahali pake

Katika duka moja la pembejeo niliambiwa nipulizie samadi yenyewe, kila wiki, mpaka ilowe. Nilifanya hivyo miezi miwili. Dawa nyingi za kundi la pairethroidi zinazouzwa kwa ajili ya nzi huua utitiri na mbawakawa wawindaji kwa urahisi, huku funza wakiwa wamezama ndani ambako dawa haifiki. Halafu unaongeza maji juu ya samadi. Na nzi wachache wanaosalia ndio wanaozaa kizazi kinachoizoea dawa.

Samadi isipuliziwe. Nzi wakizidi, puliza pale wanapolala usiku: mbao za paa, kuta za juu, kamba. Tazama palipo na madoa yao meusi, ndipo wanapolala. Chambo cha sukari chenye sumu kifungiwe kwenye chombo kilichotundikwa mahali ambapo kuku, watoto na mbwa hawafiki, na kisimwagike chini. Ikibidi kutumia dawa ya kuua funza, tafuta yenye sairomazini, ambayo huzuia funza kukua bila kuwamaliza utitiri na mbawakawa, na uiweke kwenye maeneo yaliyolowa tu. Soma lebo kuhusu mayai na muda wa kusubiri kabla ya kuuza.

Hatua ya saba: pima kwa kadi

Macho hudanganya. Siku jirani akikukasirikia unaona nzi wengi, siku ukiuza trei zote unaona wachache. Kata kadi nyeupe, sentimita 7.5 kwa 12.5, uzibandike kumi kwenye nguzo na mbao wanapopenda kutua, uandike tarehe. Baada ya siku saba hesabu vidoa vya kinyesi na matapishi ya nzi kwenye kila kadi, tafuta wastani, kisha bandika kadi mpya mahali pale pale. Marekani wengi huhesabu vidoa 50 hadi 100 kwa kadi kwa wiki kuwa dalili ya kuchukua hatua. Cha maana kwako ni mwelekeo wa wiki kwa wiki. Hifadhi kadi. Nilipoitwa tena kwa mjumbe nilikwenda na za miezi mitano, na mazungumzo yalikuwa ya amani.

Kwa wenye ng'ombe

Utitiri hawa wapo pia kwenye kinyesi cha ng'ombe, lakini zizi la maziwa lina tabu yake: kiini cha nzi mara nyingi ni malalo ya ndama, majani yaliyolowa mkojo na maziwa. Hayo yabadilishe kila wiki bila kukosa, kwa kuwa pale njia ya kutoa yote ndiyo inayofaa. Rundo la samadi la nyuma ya zizi ndilo la kuwaachia wawindaji. Na dawa ya minyoo ya aivamektini itumike ng'ombe akiihitaji kweli, kwani hutoka na kinyesi na kudhuru wadudu wanaokivunjavunja.

Mnunuzi wa samadi

Kuna mtu mmoja anayeweza kuharibu kazi yote hii kwa asubuhi moja, naye ni mnunuzi anayekuja na gari kutoka bustanini. Anataka kubeba yote, analipa kwa kiroba, na vijana wake wanapenda kufika sakafuni kwa sababu beleshi huteleza vizuri kwenye saruji. Mimi hupitisha kamba usiku wa kuamkia siku hiyo, kisha huchora mstari wa mkaa ukutani na kwenye nguzo, sentimita 15 kutoka chini, na kufunga vitambaa vyekundu kwenye mistari isiyotolewa.

"Mzee, hii ya chini unaiacha ya nini? Ndiyo iliyoiva," aliniuliza mmoja.

Nilimwambia nitamuuzia hiyo iliyoiva Septemba, kutoka upande wa pili, na kwamba bei ya viroba vinavyobaki naijua na nimeshaihesabu. Nilimchotea kidogo kwenye sahani nyeupe, nikampa lenzi. Alikaa nayo kivulini muda mrefu kuliko nilivyotegemea, kisha akawaita vijana wake waje waone kabla hawajaanza kuchota juu ya mstari.